Meza ya Seremala: Randa ya Buluu, Msumeno wa Baba na Keke ya Babu

Tangu nitaje hapa kwamba randa ninayoitumia kila siku ni kuukuu ya Sheffield, barua zinazohusu zana za zamani zimezidi zile za rangi na gundi. Toleo hili nimeziachia nafasi yote. Wa rangi na gundi mnisubiri mwezi ujao.

*

*Shikamoo Fundi. Nina karakana ndogo hapa Keko. Juzi kwa muuza vyuma chakavu nimekuta randa ya chuma yenye rangi ya buluu iliyobabuka, imeandikwa Record na namba 04. Anataka elfu themanini. Mwenzangu ananicheka, anasema kwa hela hiyo napata mpya ndani ya boksi na chenji inabaki. Niichukue au niiache?*
Kijana wa Keko, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Usiiache, ila usitoe hela kabla hujaikagua, na uikague juani, si ndani ya kibanda chake.

Kwanza ujue unachokishika. Record ilikuwa chapa ya kampuni ya C. & J. Hampton ya Sheffield, Uingereza, iliyoanza kutoa randa za chuma mwaka 1931. Umbo lake si la kwao. Ni la Mmarekani Leonard Bailey, ambaye hataza zake, yaani haki za uvumbuzi wake, zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869, na mpaka leo randa nyingi za chuma duniani, hata hiyo mpya ya mwenzako, zinafuata umbo hilohilo. Kwa hiyo 04 yako ni ndugu wa Stanley namba 4, kisu chake upana wa inchi mbili, ni randa ya kumalizia kazi. Ile sifuri ya mbele ni desturi ya Record tu.

Sasa ukaguzi. Mwombe muuzaji mafuta ya taa kidogo na kipande cha chaki. Toa kisu, geuza randa, paka mafuta ya taa kuzunguka mdomo, yaani ule upenyo kisu kinapotokea, kisha upake juu na chini na pembeni. Subiri kidogo, futa pakauke kabisa, halafu sugua chaki. Mwili wa randa ni chuma cha kumimina. Kikianguka sakafuni kinapasuka, na mpasuko wake unaweza kuwa mwembamba usionekane kwa macho. Lakini mafuta ya taa yameshaingia humo, na yakianza kutoka yatachora mstari mweusi kwenye chaki. Ukiuona mstari huo kwenye mdomo, mwambie muuzaji akupe bei ya chuma chakavu, uchukue kisu na skrubu zake kama spea.

Jaribio la pili, ining'inize kwa kidole ukiwa umetoa kila kitu, ugonge kwa ufunguo. Nzima inalia. Iliyopasuka inatoa sauti iliyokufa.

Kisu chenyewe kiangalie mgongoni, upande ule bapa, karibu na makali. Kutu ya juujuu isikutishe. Vishimo ndivyo vya kuogopa, kwa sababu kila unaponoa utakutana na kishimo kingine na makali yatakuwa na pengo. Tazama pia kimebaki urefu gani kati ya makali na ule mwanya wa katikati. Kikiwa kimenolewa mpaka kinakaribia mwanya, umri wake umekwisha. Habari njema ni kwamba kisu cha inchi mbili cha kuingia humo bado kinauzwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni ile nati ya shaba ya nyuma, ya kushusha na kupandisha kisu. Uzi wake ni wa kushoto. Nimeona vijana wenye nguvu zao wanaikaza wakidhani wanaifungua, mpaka wanavunja msumari wake. Ikiwa imeganda, loweka usiku kucha, zungusha kinyume cha mazoea yako.

Mpini ukiwa umepasuka usiutumie kama sababu ya kuikataa. Mpini unachongwa. Wa kwangu ni wa mninga na umeingia kiganjani kuliko ule uliokuja nao.

Kuhusu mwenzako: randa mpya za bei hiyo nimezishika nyingi. Kisu chake huwa laini, ubao mmoja wa mninga na makali yamelala, na ile sehemu kisu kinapokaa haikusawazishwa, kwa hiyo kisu kinatetemeka kikigusa mti. Utatumia wiki kuitengeneza ifanane na ile ambayo muuza chakavu ameilaza kwenye vumbi. Elfu themanini si ghali. Anza na hamsini.

*

*Fundi, salamu sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi. Marehemu baba yangu alikuwa seremala wa misheni, na mimi nimerithi msumeno wake. Mpini ni wa mti, una vitufe vya shaba, kimoja kikubwa kina picha ya ndege na maneno "Warranted Superior". Bapa limeshika kutu na meno hayalingani. Mafundi wawili wameniambia huo ni wa kutundika ukutani. Mimi nataka ukate. Je, inawezekana? Na huyo Warranted Superior ni kampuni ya wapi?*
Mwalimu, Moshi

Pole kwa kufiwa, mwalimu, na hongera kwa kukataa ukuta.

Nianze na hilo jina, kwa sababu linawapoteza wengi. Hakuna kampuni ya jina hilo. Ni maneno ya kusifia kwamba bidhaa ina dhamana, na watengenezaji wengi walikuwa wakitumia kitufe hicho hicho, hasa kwa misumeno ya daraja la pili au ile iliyouzwa na maduka kwa majina ya maduka yenyewe. Jina la aliyeutengeneza, kama bado lipo, limechorwa kwa tindikali kwenye bapa, upande wa kushoto ukiushika kwa mkono wa kulia kama unayekata. Ndiyo maana nakuomba usiruhusu mtu yeyote ausugue kwa msasa wa kukwaruza au brashi ya mashine. Chukua msasa wa maji ulio laini kabisa, uzungushie kipande cha mti kilichonyooka, mwagia mafuta ya taa, usugue taratibu kwa urefu wa bapa. Kutu itatoka kwenye sehemu za juu na maandishi, yaliyo chini kidogo, yatabaki meusi. Huenda ukakuta Disston wa Philadelphia, ambaye alianza mwaka 1840 na akawa mfalme wa misumeno Marekani mpaka familia ilipouza kiwanda mwaka 1955. Huenda ukakuta Spear & Jackson wa Sheffield, watu wa tangu 1760. Na ikiwa hakuna jina, chuma kitakuambia chenyewe: pinda bapa taratibu mpaka lifanye upinde, kisha liachie. Likirudi limenyooka, baba yako alijua kununua.

Sasa meno. Hao mafundi hawakudanganyi kwa ubaya. Wengi wao hawajawahi kunoa msumeno maishani, kwa sababu misumeno ya siku hizi hainoleki. Tazama meno ya msumeno mpya wa mpini wa plastiki: ncha zake zina weusi wa kibuluu. Zimechomwa kwa umeme zikawa ngumu kuliko tupa yenyewe. Zinakata vizuri sana mwanzoni, na zikiisha, msumeno umekwisha, unanunua mwingine. Wa baba yako ulitengenezwa na mtu aliyetarajia utanolewa mara nyingi, na chuma chake kinakubali tupa.

Kazi yenyewe ina hatua tatu na nitakueleza ili umsimamie fundi, au uifanye mwenyewe, maana mwalimu ana subira na hii ni kazi ya subira. Bana msumeno kati ya mbao mbili, meno yakitokeza kidogo tu juu ya mbao. Ukitokeza sana unatetemeka, tupa inapiga yowe na haikati.

Hatua ya kwanza, pitisha tupa bapa juu ya ncha zote kwa urefu, toka mpinini hadi mwisho, mpaka kila jino, hata lile fupi kuliko yote, liwe limepata kialama kidogo kinachong'aa. Hapo yamekuwa kimo kimoja. Hatua ya pili ni kuyapanga: jino moja kulia, linalofuata kushoto, kwa koleo maalumu, ukipinda nusu ya juu tu ya jino. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya bapa lipite bila kubanwa. Ukipinda jino toka shinani litakatika.

Hatua ya tatu ni tupa ya pembe tatu. Uliza kwanza msumeno ni wa kazi gani. Wa kuchania, yaani kufuata urefu wa mbao, una meno makubwa, matano au sita kwa inchi, na tupa inapita moja kwa moja, kukingama bapa. Wa kukatia, kwa upana wa mbao, una meno manane au kumi kwa inchi, na tupa inapita kwa mshazari ili kila jino lipate ncha kali ya pembeni ya kukata nyuzi. Noa jino moja, ruka moja, mpaka mwisho. Kisha geuza msumeno, urudie yale uliyoyaruka. Sukuma mbele tu, usirudishe tupa ikiwa imegusa chuma. Na vile vialama vinavyong'aa ndiyo kipimo chako: vikitoweka tu, acha. Mpigo mmoja zaidi na jino hilo litakuwa fupi kuliko wenzake.

Jaribu kwenye ubao mkavu wa msonobari. Msumeno ulionolewa sawasawa hauhitaji kukandamizwa; uzito wake wenyewe unatosha. Ukivuta upande mmoja, meno ya upande huo yamepindwa zaidi, yapitishie jiwe la kunolea mara moja, pole sana, ubavuni.

Mpini usiupake vanishi nene, tafadhali. Rangi ile nyeusi nyeusi mkononi ni jasho la mzee. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kitani, basi.

*

*Fundi, mimi nina miaka ishirini na mbili, nasoma VETA. Nikisoma majibu yako naona wewe na wazee wenzako mnalilia zana za zamani kila siku. Mbona mashine zipo, zana mpya zipo, bei nafuu? Ni nini hasa mlichokipoteza?*
Mwanafunzi, Tanga

Umeuliza vizuri, na wewe ni jirani yangu, basi nitakujibu kwa kirefu.

Mimi nilianza uanagenzi hapa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hukuwapo, kwa hiyo nikueleze hali. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na nchi haikuwa na fedha za kigeni. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kugawiwa. Zana za seremala ndiyo kabisa. Mwaka 1983 ilipoanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, yaani kukamatwa kwa walioshukiwa kuficha bidhaa, hata aliyekuwa na boksi la misumari ya ziada aliliogopa boksi lake. Unataka kununua patasi? Ilikuwepo kwenye kumbukumbu za watu, si dukani.

Kwa hiyo zana zilizokuwapo zilikuwa ni zile za zamani. Mwalimu wangu alikuwa amefanya kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge, enzi mashamba yana maseremala wao, wahunzi wao na mafundi wa reli ndogo. Alipoondoka alikuja na sanduku. Ndani mlikuwa na randa mbili, moja ndefu ya kunyooshea na moja ya kumalizia, patasi za Marples za Sheffield zenye chapa ya jani la majani matatu, juba la kutobolea matundu ya ulimi, nene, mpini wake umefungwa pete ya chuma, guni ya kupimia pembe, misumeno mitatu, na jiwe la kunolea ambalo katikati lilikuwa limeliwa likawa bonde. Sanduku lile lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo alilala nao.

Mwanagenzi hakugusa randa kwa muda mrefu. Uliokota maranda, ulipika gundi, ulishika ubao upande wa pili. Kisha ulinoa. Ulinoa patasi za mwalimu na yeye anakuja, hasemi kitu, anachukua patasi anaiweka makali juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukandamiza. Ikiteleza, anakurudishia. Ikikamata, anaondoka nayo kwenda kazini. Hiyo ndiyo sifa uliyopata, na mimi sijawahi kupata sifa iliyonipendeza kuliko ile.

Ulipohitimu hukuwa na zana. Uliazima, na uliazimwa kwa masharti: irudi imenolewa, irudi kabla ya magharibi. Fundi aliyekufa, zana zake zilijadiliwa kwenye msiba pamoja na nyumba na minazi. Kila mtu aligonga herufi za jina lake kwenye mpini. Na Waingereza walifanya vivyo hivyo. Ukikuta randa ya kale ya mti, tazama uso wake wa mbele, utakuta majina yamegongwa kwa mhuri, mara mawili, mara matatu, ya waliokuwa nayo mmoja baada ya mwingine. Randa yangu ya kumalizia ina herufi za mwalimu wangu na zangu. Alinipa akiwa hai, mbele ya wanawe, ili pasiwe na ugomvi.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 tulifurahi, nisikufiche. Maduka yalijaa. Patasi za kila rangi. Tulinunua kama watu waliotoka jangwani. Baada ya msimu mmoja tukaanza kufungua tena masanduku ya zamani, kwa sababu patasi zile mpya zilipinda makali kwenye mtiki wa shamba la Longuza.

Basi swali lako, tulichokipoteza. Kitu cha kwanza ni chuma kinachonoleka, na hicho kinarudishika, nenda tu kwa wauza chakavu. Cha pili ni yule mtu wa kuweka patasi juu ya ukucha wako. Chuoni kwako umepata mwalimu mmoja na wanafunzi wengi, na mashine moja ya kunolea ya umeme inayochoma chuma kikawa cha buluu. Hilo ndilo linaloniuma. Sisemi uache mashine. Mimi mwenyewe mbao za dari nazipeleka kwenye mashine ya kuranda na narudi nazo mchana huohuo. Lakini mlango wa mtiki ukishaungwa, ule mpito wa mwisho naufanya kwa mkono. Randa iliyonolewa inatoa utepe mmoja wa mti, mrefu, mwembamba, unaona mwanga kupitia kwake, na mti uliobaki chini unang'aa bila msasa. Msasa unakwaruza. Kisu kinakata. Pitisha kiganja juu ya vyote viwili ukiwa umefumba macho, utanielewa.

Karakana yangu unaweza kuulizia, mafundi wa mjini wanaijua. Njoo na patasi yako.

*

*Asalaam alaykum Fundi. Babu yangu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini Nungwi. Stoo tumekuta kitu cha mti chenye chuma mbele, na upinde wenye kamba. Wajomba wanasema ni keke. Hoteli moja inataka kuinunua iweke mapokezi. Tunauliza kama bado ina kazi.*
Wajukuu, Unguja

Waalaykum salaam. Ina kazi, na ninyi mna bahati kuwa nayo nzima. Kwa kawaida watu hubaki na kipande.

Kihesabuni kama kimetimia. Chuma cha kutobolea ndicho keke yenyewe. Mti ambao chuma kimechomekwa ni msukano. Kile cha juu, cha kushikia, ambacho msukano unazunguka ndani yake, ni jivu. Na upinde ni uta. Kamba ya uta inazungushwa mara moja kwenye msukano. Mkono mmoja unakandamiza jivu, wa pili unavuta uta mbele na nyuma kama anayepiga zeze.

Fundi wa chombo hapigi msumari kwenye ubao mkavu bila kutoboa kwanza. Msumari wa jahazi ni mrefu na mnene, ubao utapasuka, na ubao uliopasuka chini ya maji ni msiba. Kwa hiyo tundu linatangulia, jembamba kuliko msumari kidogo, msumari unafuata, kisha kalafati ya kuziba mianya. Keke ina faida ambayo drili ya umeme haina: inakwenda polepole, mkono unasikia chuma kinapokaribia kutokea upande wa pili. Na haihitaji waya wa umeme ufukweni, kwenye maji ya chumvi.

Msiwauzie hoteli kabla hamjauliza mafundi wa Nungwi kama kuna mwanafunzi anayeihitaji. Kama ni lazima kuuza, wauzieni hao kwanza, hata kwa bei ndogo. Kamba ya uta badilisheni, ya zamani itakuwa imeoza. Jivu litieni tone la mafuta pale msukano unapozunguka. Chuma chenye kutu kisugueni kwa ndimu na majivu, kama mnavyosugua shaba, mkioshe, mkikaushe upesi na mkipake mafuta.

*

*Fundi, naishi Leicester, Uingereza. Kuna minada ya Jumapili ambapo watu wanauza vitu vya nyumbani kwenye magari, na zana za maseremala waliofariki zinauzwa kwa paundi chache, watu wanazipita. Roho inaniuma. Mdogo wangu ni seremala Muheza. Nimchukulie nini?*
Dada wa Leicester

Dada, hujui ulivyonitia wivu.

Mchukulie patasi kwanza, maana ndizo zinazoliwa haraka na ndizo nyepesi. Tafuta chapa za Marples, Ward, Sorby, upana wa robo inchi, nusu, robo tatu na inchi moja. Usijali mpini. Angalia vishimo mgongoni kama nilivyomweleza kijana wa Keko. Halafu randa ya namba 4 na ya namba 5, Stanley au Record, zote zilitengenezwa kwa wingi huko huko Sheffield na ni rahisi kupatikana. Ukikuta ya Kimarekani yenye tarehe za 1902 na 1910 kwenye mwili wake, nyuma ya pale kisu kinapokaa, ujue ni tarehe za hataza, si za kutengenezwa. Yaweza kuwa ya baadaye. Muuzaji akikupandishia bei kwa ajili ya tarehe hizo, tabasamu uendelee.

Misumeno mmoja wa kuchania na mmoja wa kukatia, iliyonyooka. Koleo ya kupangia meno, hii usiikose, kwetu ni adimu na huko wanaiona takataka. Tupa mpya za pembe tatu, za ukubwa mbalimbali, nyingi kadiri utakavyoweza. Randa za mti zipendeze tu machoni, zina mdudu na joto letu linazipasua. Acha pia vile vilivyosafishwa vikapakwa vanishi na kuwekewa kadi ya bei. Hivyo vinasubiri wakusanyaji.

Usiweke chochote cha makali kwenye begi la mkononi ukisafiri kwa ndege. Kwa meli, paka kila kipande grisi nyembamba, zungushia karatasi, kisha nailoni. Hewa ya chumvi ya bandarini Tanga haisubiri uamke.

Na kama utapata zaidi ya anavyohitaji mdogo wako, ujue hukuwa wa kwanza kuumwa roho. Kwa miongo kadhaa shirika la Tools for Self Reliance, lililokuwa na makao yake Netley Marsh karibu na Southampton, lilikuwa likikusanya zana kama hizo, watu wa kujitolea wakizisafisha na kuzinoa, zikatumwa Afrika, Tanzania ikiwemo, nyingine zikifika kwa mafundi kupitia SIDO, shirika letu la kuendeleza viwanda vidogo. Nimeshika patasi zilizokuja kwa njia hiyo, zimenolewa kwa heshima na mtu nisiyemjua.

*

*Salamu Fundi. Niko Gikomba, Nairobi. Nimenunua randa ya zamani nikainoa vizuri, mbao laini inaranda safi, lakini kwenye mvule inang'oa nyuzi, na jana makali yamemegeka kabisa. Je, kisu ni kibovu?*
Fundi mwenzako, Gikomba

Kisu ni kizima, ndugu. Mvule una mambo yake mawili. La kwanza, nyuzi zake zinapishana, mkanda mmoja unalala huku na unaofuata unalala kule, kwa hiyo kila upande utakaoanzia utakuwa unakwenda kinyume mahali fulani. Sogeza kile chuma cha juu ya kisu kikaribie makali kabisa, kibaki chini ya milimita moja, upana wa unywele ukiweza. Punguza kina. Shika randa kwa mshazari, isukume bila kusimama.

La pili ni mawe. Mti wa mvule ukijeruhiwa ungali hai, hujenga chokaa ngumu ndani yake, na hiyo ndiyo iliyomega makali yako. Kabla ya kuranda lowesha ubao kidogo uutazame kwa pembe. Jiwe huonekana kama doa la kijivujivu au jeupe, na mti unaolizunguka huwa mweusi zaidi. Lichokoe kwa patasi kuukuu, ujaze kipande cha mti uleule, ndipo urande. Na pengo la makali usilisugue kwenye jiwe laini mpaka usiku. Anza kwa jiwe la kukwaruza hadi pengo liishe, kisha noa kwa pembe ya nyuzi 25, malizia kwa 30.